Mzee wa Mwaloni na hafkeki yake

Saa moja asubuhi pale Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, wabeba magunia ya dagaa wanakunywa chai. Juzi nilikaa nao benchini. Mzee mmoja akanieleza kwamba daktari kamkataza nyama ya mafuta, na yeye kwa akili yake kaongeza marufuku: hata kichwa cha sangara kaacha, "kina mafuta sana, mwanangu." Huku anachovya hafkeki ya pili.

Sikumjibu. Asubuhi ile si saa ya kuhubiriana.

Lakini sangara tumemwonea. Wa kuogopwa ni mafuta ya mimea yaliyogandishwa kiwandani. Mafuta maji yanapitishiwa gesi ya haidrojeni ili yakaze, na ugandishaji ukikatishwa njiani ndipo mafuta ya trans yanapobaki kwa wingi. Mwaka 1911 Wamarekani waliingiza sokoni mafuta ya namna hiyo, Crisco, na malighafi yake ilikuwa mbegu za pamba. Pamba, jamani! Zao lile lile la Kwimba na Magu.

Waokaji waliyapenda, nami siwalaumu. Hayaharibiki upesi, na keki inatoka laini. Shida inaanzia kwenye damu: trans inapandisha lehemu (kolesteroli) mbaya na papo hapo inaishusha ile nzuri, mishipa ya moyo inaziba. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema trans inasababisha hadi vifo 500,000 vya mapema kila mwaka. Kwa mtu anayekula kalori 2,000, linataka asivuke gramu 2.2 za trans kwa siku. Hizo hazifiki hata nusu ya kijiko cha chai.

Halafu kuna ule ujanja wa kopo: "Halina lehemu." Ni kweli tupu, maana mimea haina lehemu ya kuhesabika. Ila lehemu inayokuua ni ile iliyomo damuni mwako, si iliyomo kwenye kopo.

(Mafuta meusi ya chipsi, yale yaliyokaangiwa tangu juzi? Hayo nayo yanatengeneza trans, lakini kidogo. Ubaya wake mkubwa ni mwingine.)

Nikamuuliza mama mwenye hafkeki anatumia mafuta gani. "Ya ndoo, baba. Napimiwa kilo dukani." Basi. Hakuna lebo, hakuna kopo la kusoma. Na hata ukiyatazama hutajua, kwa sababu mafuta ya mawese huganda yenyewe bila haidrojeni. Yana ubaya wake, lakini si huu. Kwa hiyo wataalamu wanaokuja redioni kutuambia "someni lebo" wanamwambia nani? Mama huyu?

Denmark mwaka 2003 hawakumtuma mlaji akasome. Waliweka sheria: trans isizidi asilimia 2 ya mafuta yaliyomo kwenye chakula. Marekani mwaka 2015 waliyaondoa mafuta yaliyogandishwa nusu kwenye kundi la vitu vinavyohesabiwa kuwa salama. Kote huko keki bado zinaliwa. Nami nataka hivyo hivyo hapa: TBS, shirika letu la viwango, wapime ndoo inapotoka kiwandani au inaposhuka bandarini, wamwache mama wa hafkeki auze kwa amani.

Yule mzee nikimkuta tena, namnunulia supu ya sangara. Kichwa kizima, chumvi kidogo.