Msitufungie kichochoro

Juzi jioni nimekuta karatasi imebandikwa kwenye nguzo ya taa, mdomoni mwa kichochoro chetu. Inasema kamati ya mtaa inakusudia kukiziba kwa geti la chuma na funguo zitashikwa na wanakamati, yote hayo "kwa usalama wa wakazi". Mwenye maoni ayalete mkutanoni Jumamosi. Nimeisoma mara mbili, nikaenda nyumbani na hasira, na leo ni siku ya tatu hazijaniisha.

Kichochoro chenyewe mnakijua. Watu wawili hawapishani mpaka mmoja ageuke ubavu. Ukuta wa kushoto, usawa wa bega, plasta imelainika mpaka inang'aa kwa miaka mingi ya watu kuusugua wakipita. Sasa, umemgeukia mtu, nyuso zenu zimeachana shubiri mbili, utanyamaza? Haiwezekani, utamsalimia tu. Ukimsalimia mara kumi utalijua jina lake, na ukilijua jina, siku akipita amenuna utamuuliza kulikoni. Mimi nusu ya watu wa mtaa wa pili nimewajulia humo, na sikuwahi kupanga kuwajua.

Huwa nasikia kwamba ujirani wa zamani umekufa kwa kuwa watu wa siku hizi wana roho ngumu. Sikubali hata kidogo. Watu ni wale wale, njia ndizo zimebadilika. Mtu anatoka getini ndani ya gari, vioo vimepandishwa, usiku anarudi vivyo hivyo. Jirani yake atamjulia wapi? Hana uchoyo wa salamu, ila hana mahali pa kuitolea. Ujirani unataka miguu. Unataka duka la kufikiwa kwa ndala, shule ambayo mtoto anakwenda na wenzake bila kusindikizwa, kibaraza ambacho ukikaa watu wanapita mbele yako. Palipo na hayo, hata mtu mkimya kama mimi anajikuta ana majirani.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 mtaalamu wa mipango miji Donald Appleyard alilipima jambo hili kule San Francisco, Marekani. Alichukua mitaa mitatu inayofanana, tofauti yake kubwa ikiwa magari: mmoja ulipitiwa na magari kama 2,000 kwa siku, wa pili 8,000, wa tatu 16,000. Akauliza wakazi wana marafiki wangapi hapo mtaani. Kwenye mtaa wa magari machache, mkazi alikuwa na marafiki watatu kwa wastani. Kwenye ule wa magari 16,000, hakufikisha hata mmoja kamili: 0.9. Huko watu walikuwa wameacha kukaa nje, wengine wamejifungia vyumba vya nyuma wakikimbia kelele. Nawaomba wanakamati wailinganishe hesabu hiyo na geti lao. Leo kwenda upande wa pili ni dakika tatu kwa mguu. Wakifunga, ni kuzunguka barabara kuu, na wenye magari watawasha magari. Wasio nayo watabaki ndani.

Na Babu atabaki ndani. Wote tunamwita Babu, hata sisi tulioanza kuota mvi. Fimbo yake ameifunga ncha kwa kipande cha mpira wa tairi, na mpira huo umelika upande mmoja, kwa hiyo hatua zake zina sauti yake peke yake: inagonga, halafu inakwaruza kidogo. Kila asubuhi saa moja anapita kichochoroni kwenda kuota jua upande wa pili. Mwaka jana, asubuhi moja, mtoto wa jirani alikuwa amekaa kizingitini anafunga kamba za viatu vya shule. Akasema, bila hata kuinua kichwa, "Mama, Babu hajapita." Mama yake akaacha alichokuwa akikifanya, akaenda kupiga hodi. Hodi ya tatu ndiyo akasikia sauti ndogo ikitoka bafuni. Babu alikuwa ameanguka tangu alfajiri, nyonga imevunjika, hawezi kujiburuta mpaka mlangoni. Mtoto wa miaka minane ndiye aliyemwokoa, kwa sababu alishaizoea sauti ya fimbo. Ni kamera gani ingetuambia kwamba mtu hajapita?

Joto kali la Julai 1995 liliua watu 739 jijini Chicago, wengi wao wazee waliokuwa wakiishi peke yao. Mwanasosholojia Eric Klinenberg alivitazama vitongoji viwili vinavyopakana, North Lawndale na South Lawndale, vyote vya watu wa kipato cha chini, vyote vina wazee wapweke. Katika cha kwanza kiwango cha vifo kilikuwa kama mara kumi ya cha pili. South Lawndale ilikuwa na maduka, watu wanapita barabarani mchana kutwa, na wazee walikuwa na sababu ya kutoka na mahali pa kwenda. North Lawndale viwanja vilikuwa vimebaki vitupu, mitaa imekimbiwa, na wazee waliogopa hata kufungua mlango. Nilipoyasoma hayo nilimkumbuka Babu akiwa sakafuni.

Wezi wapo, siwezi kukataa. Mwezi uliopita mtu alinyang'anywa simu humo gizani, na pikipiki zinazopenya kwa kasi zitakuja kuumiza mtoto. Basi tuweke taa, na nguzo mbili katikati za kuzuia pikipiki. Tangu 1961 Jane Jacobs, mwandishi wa mambo ya miji, aliandika kwamba njia hulindwa na macho ya wanaopita na wanaokaa kando yake. Tukiwaondoa wapitaji tumeyaondoa macho, na mwizi hashindwi kuruka geti.

Kuhusu umbea, ni kweli, kwetu ukikohoa usiku asubuhi unapewa pole na watu watatu. Wanaochoshwa na hilo nawaelewa. Mimi nimelikubali, kwa sababu masikio yanayosikia kikohozi ndiyo yaliyosikia kimya cha fimbo.

Mkutano ni saa kumi jioni. Jana nimempitia Babu nikamsomea ile karatasi, maana macho yake yamepungua. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama huko mkutanoni kutakuwa na viti. Nimemwambia nitambebea cha kwangu. Tutapitia kichochoroni, yeye mbele, mimi na kiti nyuma yake.