Boksi la spana 108 silitaki

Kila nikipita maduka ya spea hapa Tabora mjini naliona lile boksi jeusi, limeachwa wazi mlangoni, spana na soketi zinang'aa, kila kimoja kwenye tundu lake. Vipande 108. Muuzaji anakuambia, "Bosi, ukichukua hili umemaliza." Mimi nilinunua mdogo wake, na nusu ya vilivyomo sijavigusa mpaka leo. Soketi za inchi, kwa mfano. Gari langu ni Corolla AE110 ya mwaka 1997, Mjapani kuanzia boliti hadi waipa. Inchi ni za magari ya zamani ya Kimarekani. Nitazipeleka wapi hapa Isevya?

Basi msimamo wangu kwa mwenye gari kuukuu anayetaka kulifanyia sevisi uani kwake ni kwamba achana na boksi. Ngoja kazi ije, ununue kifaa cha kazi hiyo, kimoja kizuri. Toyota ya umri ule haina makuu, ni spana za milimita tu: 10, 12, 14, 17, 19, halafu 21 ya nati za matairi. Kwa 10 utafungua vichwa vya betri na vikorokoro vingi chini ya boneti, kwa 14 utamwaga oili. Ile 13 wanayokuwekea kwenye kila seti ni ya Volkswagen ya jirani.

Nilijifunza haya kwa damu. Boliti ya kumwagia oili ya gari langu ilikuwa imeliwa kichwa, maana gereji niliyokuwa napeleka zamani walikuwa wanaifungua kwa spana malaya, ile ya kupanua na kubana mdomo. Jina lile halikutolewa bure, spana inaenda na kila nati na haitulii na hata moja. Nikalala chini ya gari na spana ya mdomo wazi kutoka kwenye boksi langu, nikavuta. Niliona kwa macho yangu chuma kikipanuka kama mdomo wa kambale, spana ikachomoka, vidole vikagonga ukingo wa sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Jirani yangu, mzee mstaafu wa reli, alikuwa amekaa chini ya mwembe wake ananitazama muda wote. Akaja na spana ringi ya 14 imeviringishwa kwenye kitambaa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hiyo uliyoshika ni ya baiskeli, baba."

Akanionyesha ndani ya ringi yake. Pembe sita. Nyingi za madukani zina pembe 12, zinavalika upesi, lakini zinakamata boliti karibu na kona zake, na kona ndizo zilizokwisha kuliwa. Yenye pembe sita inakaa ubavuni. Akaigonga kidogo kwa nyundo ikazama, akavuta mara moja tu. Ikalia kak! ikaachia. Siku hiyohiyo nilinunua boliti mpya na washa yake, na kesho yake nikatafuta ringi ya pembe sita. Dukani nilibeba ile boliti ya zamani mfukoni ili nijaribu kila spana palepale. Inayochezacheza naiacha, hata kama imeandikwa Chrome Vanadium, yaani chuma kigumu, kwa herufi kubwa. Kuandika hakuna gharama.

Kuhusu jeki sina utani. Jeki ni ya kunyanyulia gari, si ya kulala chini yake. Vijana wanapanga matofali ya kuchoma, na tofali la kuchoma likielemewa linapasuka bila kuaga. Kama una hela ya kitu kimoja tu, anza na stendi mbili za chuma, spana utaazima. Na huku kwetu ardhi ni mchanga, miguu ya stendi inazama taratibu upande mmoja. Mimi naweka vipande vya ubao wa mninga chini yake. Mninga Tabora si wa kutafuta, pita kwa fundi seremala yeyote uombe vilivyobaki.

Plagi za injini ya Corolla yangu, 5A-FE, zimekaa ndani kabisa ya mashimo. Zinataka soketi ndefu ya 16 yenye mpira ndani wa kuikamata plagi wakati unaivuta. Bila ule mpira utaifungua vizuri sana, kisha utabaki unaichungulia shimoni na tochi.

Bisibisi nyota nayo ina siri. Skrubu nyingi za Kijapani zina nyota iliyokatwa tofauti kidogo na ile ya kawaida, na mara nyingi zina kidoti kichwani. Bisibisi ya kawaida inapanda juu na kula kichwa. Ukikuta za Kijapani, chukua.

Mafundi wengi wa mtaani watakucheka kwa multimita, kile kipimo cha umeme. Waache. Niliwahi kuambiwa betri imekufa, nikanunua nyingine, nayo ikalala baada ya wiki mbili. Multimita ndogo ya bei rahisi ingesema mapema: betri iliyojaa, gari limezimwa, inasoma kama volti 12.6, na injini ikiunguruma iwe 13.8 hadi 14.4. Yangu ilibaki 12.1 gari likiwaka. Betri ya kwanza haikuwa na kosa, oltaneta ndiyo ilikuwa haichaji.

Torki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, sina bado. Breki na gia sigusi, hizo napeleka kwa fundi wangu, na hajanichukia kwa kujifanyia sevisi. Jumamosi iliyopita alimtuma kijana wake kuazima ile soketi ya plagi. Nilimpa, nikamwambia iwe imerudi kabla ya magharibi, na ule mpira uwe ndani yake.