Kondakta bila daladala

Mi nilikuwa nataka sikwensa tu. Sijaomba kiwanja Chanika, sijaomba Noah, nimesema nataka kamashine ka kupangia biti nikitoka kazini nijifungie chumbani nigonge vitu vyangu taratibu, maana kwa miaka arobaini na moja hii siwezi kwenda kukaa foleni studio na watoto wa rasta za njano wananiita mzee shikamoo. Ona sasa nilikofikia.

Kwanza kumwelewesha mama Nasra sikwensa ni nini, hiyo peke yake ilikula jioni mbili. Nikamwambia ni mashine ya kukumbuka, unaiambia mara moja tu, hapa ngoma ya kiki, hapa ngoma ya sinea, hapa besi, nayo inarudia hivyohivyo bila kuchoka mpaka uizime mwenyewe. Akaniangalia. "Kama mama yako na ile hela ya friji?" Nikanyamaza. Ila kiukweli hajakosea, ndo inavyofanya kazi.

Nikaanza kuulizia. Kuna dogo Mwananyamala anatengeneza biti, akasema braza ninayo Korg SQ-1, toleo la 2015, chuma tupu, nakuachia kwa bei ya undugu. Nikaenda. Aisee kitu kizuri, vinobu safu mbili, nane juu nane chini, taa zinakimbizana, nikasema hapa nimefika. Washa tusikie. Akawasha, taa zikakimbia, kimya. Ongeza sauti basi. Braza hii haina sauti. Imekufa? Haijafa, ndo ilivyo, hii inatoa amri tu, sauti mpaka uwe na kinanda au sintesaiza, ile mashine inayozalisha sauti yenyewe, uichomeke huko. Yaani nitoe hela yangu ninunue kondakta, anagonga bati, anaita Gongo la Mboto Gongo la Mboto, af daladala nikatafute kivyangu! Nilitembea kwa miguu mpaka Morocco nimenuna.

Na hizo amri ndo MIDI yenyewe mnayoisikia. Tangu 1983 watu wanaitumia, na ndani ya ule waya hakuna muziki hata punje, kuna ujumbe tu, piga noti namba 60, kwa nguvu 100, haya iache. Kama mama mwenye nyumba wetu, haji mwenyewe, anatuma mtoto, kamwambie baba Nasra tarehe imefika. Tena ile plagi yake ya duara ina miguu mitano lakini inayofanya kazi ni mitatu, miwili imekaa tu haina shughuli. Mimi mashemeji wa hivyo ninao wawili sebuleni.

Basi nikasema isiwe tabu, laptopu ninayo, ya ramu nne, feni yake ikiwaka jirani anauliza kama tunasaga mahindi. Programu za kupangia muziki zipo, tena sio zote za hela. LMMS ni bure kabisa. Reaper wanakupa siku 60 za kujaribu na leseni ya mtu wa kawaida ni dola 60, piga kama laki na nusu, sio mbaya ukilinganisha na mengine. Lakini mi kichwa ngumu, nikataka ile ambayo madogo wote wanaisifia, jina naliacha, nikashusha toleo la majaribio. Wiki tatu napika wimbo mmoja. Sizimi laptopu, nafunika tu, na kila usiku nasevu, nasevu kama mtu anayepiga rozari. Siku chaji ikaisha ikazima. Nawasha, naenda kufungua wimbo, inaniambia hili toleo la majaribio bwana, kusevu ruksa, kufungua mpaka ununue. Soma tena. Kusevu bure, kufungua hela! Wimbo wangu upo, nauona kwa jina, "ngoma ya mwisho kabisa 3", umelala pale kama maiti ya mtu anayedaiwa bili. Na wala hawakunidanganya, iliandikwa tangu mwanzo, ila kwani nani anasoma.

Nikahamia LMMS kwa adabu. Hapo nikakutana na kuchelewa. Nabonyeza, sauti inakuja baadaye imetulia kama mjumbe anayekuja kikaoni saa ya soda. Dogo akaniambia hiyo ni bafa, ile akiba ya sauti ambayo kompyuta inakusanya kwanza ndo itoe, umeiweka sampuli 1024, yaani vipunje 1024 vya sauti, na kama kompyuta inasoma sampuli 44,100 kwa sekunde basi hapo tu umeshakula milisekunde 23, shusha 256 utabaki na kama 6. Nikashusha. Spika ikaanza kukaanga dagaa. Nikapandisha, mjumbe kachelewa. Nikashusha, dagaa. Mpaka leo nachagua kwa kufuata hali ya moyo.

Halafu kuna hili la hatua 16 ambalo muuzaji hakwambii. Vimashine vingi vya bei ya chini vinakupa visanduku 16 kwa raundi. Sasa mtoto wa singeli anayekimbiza biti 200 kwa dakika, hatua nne kwa kila biti, raundi hiyo ya hatua 16 inaisha kwa sekunde 1.2, hujameza mate imeshaanza upya. Na mimi napenda ngoma za kuhesabu tatu tatu, zile za kuchezea bega, hizo kwenye 16 hazikai, zinataka 12. Kwa hiyo ukienda kununua uliza kwanza, hatua zinapunguzika? Akikukodolea macho ondoka.

Ya waya ndo naona hata aibu kusimulia. Niliazima kinanda cha jirani anayeimba kwaya, nikashuka Kariakoo kununua waya wa MIDI kwenda USB, muuzaji akaniapia mpaka kwa marehemu bibi yake, buku kumi na tano. Usiku saa saba laptopu inaendesha kinanda, raha mustarehe, mara filimbi moja ikaganda. Piiiiiii. Amri ya "piga" ilifika, amri ya "acha" ikapotelea kwenye waya. Nikazima laptopu, piiiiii bado, maana kinanda kinasubiri kuambiwa kiache na wa kukiambia keshalala. Swichi ya kinanda ilivunjika zamani, mwenyewe huwa anachomoa ukutani, na soketi iko nyuma ya kabati la nguo. Nasra kaamka, mbwa wameitikia, mzee wa chumba cha tatu anagonga dari kwa ufagio, mi nasukuma kabati na bukta. Umeme ukakatika. Nikashangilia umeme kukatika, peke yangu, gizani.

Nikarudi kwa yule dogo mdogomdogo. Akacheka, akatoa kasikwensa kadogo kanaitwa Pocket Operator, ya Waswidi wa Teenage Engineering, zilipotoka 2015 zilikuwa dola 59, akanipa iliyotumika. Hatua 16, ndiyo, sawa, lakini hii ngoma zimo ndani yake na kaspika kake ndani. Inaenda na betri mbili ndogo, zile AAA. Nikailipia fasta kabla hajabadili mawazo.

Mama Nasra kuiona: "Fundi kakurudishia hajafunika?" Maana hizo zinauzwa uchi hivyohivyo, saketi waziwazi, kava halimo. Nikasema ndo mtindo. Akaona ina vitufe na kioo, akasema kumbe kikokotoo, Jumamosi akaondoka nacho vikoba. Anabonyeza ajumlishe hisa za wenzake, kikaanza dum tsa dum dum tsa. Mwenyekiti ameuliza kama ni dharau.

Ilirudi salama, ila ndo akagundua betri zake zinaingia kwenye remoti ya tivii.

Sa hivi ni saa tatu na nusu usiku, tamthilia ya Kituruki imefika pale bwana anataka kumwambia mama yake ukweli, wiki ya pili sasa anataka kumwambia. Mashine nimeishika, haina kitu tumboni. Nimeuliza kwa upole, mama Nasra, kwani ukishaweka chaneli remoti ya nini tena?

"Na sauti nitaongezea na nini ukianza kulalamika?"