Ulinzi wa Bunduki za Kale Usitegemee Kifungu cha Bajeti

Kila mwaka Kongresi ya Marekani inapopitisha sheria ya matumizi ya Wizara ya Ulinzi, ndani yake mna kifungu kifupi ambacho wakusanyaji wengi hawajawahi kukisoma. Kinakataza fedha za wizara kutumika kuharibu au kuondosha karabini za M1, bunduki za M1 Garand, M14, bunduki za kaliba .22 na .30, na bastola za M1911. Sheria ya matumizi ni ya mwaka mmoja. Mwaka ambao kifungu hicho kitaachwa nje, kwa kusahau au kwa makusudi, hakuna kitakachozuia maghala ya jeshi kuanza kusaga. Msimamo wangu ni kwamba katazo hili lihamishiwe kwenye sheria ya kudumu, tena liandikwe kwa ufafanuzi zaidi, maana yaliyotokea kwa M14 tunayajua.

Zilitengenezwa takriban milioni 1.4, na uzalishaji ukasimama 1964. Katika miaka ya 1990 jeshi liliharibu mamia ya maelfu. Serikali ilikuwa na hoja ya kisheria, na ni hoja ya kweli: M14 iliundwa kufyatua mfululizo, na sheria ya silaha ya Marekani ya 1934 inaihesabu kuwa bunduki ya rashasha hata kama kitufe cha kubadili ufyatuaji kimefungwa, kama ilivyofanywa kwa nyingi. Tangu Mei 19, 1986, raia hawezi kusajili rashasha mpya. Kuziuza zikiwa nzima haikuwezekana, na mimi siombi hilo.

Lakini sehemu inayokatazwa ni moja tu: resiva, yaani kiunzi cha chuma kinachobeba bolti (kipande kinachosukuma risasi ndani na kuifungia) na kushika mtutu. Sehemu karibu zote zilizobaki ni vipuri vya kawaida. Bolti ya M14 ina namba 7790186 juu yake, pamoja na herufi za mtengenezaji, mfano TRW. Ufito unaoendesha bolti una namba 7267064. Vipuri hivi vilifuliwa kwa nyundo na kupimwa kwa viwango vya jeshi, na ndivyo vilivyojenga bunduki za nusu-otomatiki za kiraia, zinazotoa risasi moja kila kifyatulio kinapovutwa, kwa miaka mingi. Akiba ilipopungua, watengenezaji wakahamia kwenye vipuri vya kumimina, yaani vya chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Bunduki iliyotupwa nzima kwenye mashine ya kusaga ilikwenda na bolti yake, ufito wake, kifaa cha kulengea na kitako cha mti wa mjozi. Kuvua vipuri hivyo kwanza ni kazi ya dakika chache kwa fundi aliyezoea.

Namna ya kuharibu nayo ina uzito wake. Mamlaka ya silaha ya Marekani, ATF, hutaka resiva ikatwe kwa tochi ya gesi, kila mkato ukiondoa chuma kisichopungua robo inchi, karibu milimita 6. Msumeno hautoshi, kwa sababu huacha njia nyembamba na vipande hurudiana vizuri mno. Kanuni hii naiunga mkono kwa moyo wote, maana kabla yake wakusanyaji waliumizwa na ukataji wa ovyo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, resiva za Garand zilizokatwa ziliuzwa kama chuma chakavu, na katika miaka ya 1950 na 1960 wafanyabiashara wakazichomelea upya. Mpaka leo zimo sokoni. Garand ya namna hii mara nyingi ni nusu ya mbele ya bunduki moja na nusu ya nyuma ya nyingine. Chuma cha resiva hiyo kimefanywa kigumu juu na laini ndani kwa joto lililopimwa, na joto la kuchomelea huvuruga mpango huo. Nusu zisiponyooka, bolti hukwama au ufito huruka nje ya njia yake. Resiva ikifupika hata kidogo, bolti hugonga kisigino, yaani sehemu ya nyuma ya resiva, kabla ya kumaliza mwendo wake.

Jinsi ya kuitambua: thibitisha kwanza kwamba haina risasi, kisha vuta ufito nyuma na usome namba ya mchoro wa kiwandani iliyopo upande wa kulia wa mbele ya resiva. Za wakati wa vita huanza na D28291, za miaka ya 1950 huwa na 6528291. Linganisha na namba ya mfululizo iliyoko kwenye kisigino, nyuma ya kifaa cha kulengea. Namba ya 1943 ikikutana na mchoro wa 1952, hizo ni bunduki mbili. Halafu toa kitako uangalie mbavu za resiva kwa ndani, ambako fundi wa kuchomelea hakujisumbua kusugua. Mshono au rangi isiyolingana huonekana hapo. Bunduki ya namna hiyo usiipige risasi.

Kuna uharibifu uliokuwa wa haki. Resiva za mwanzo za bunduki ya M1903, zilizotoka kiwanda cha jeshi cha Springfield Armory kabla ya namba 800,000, zilipikwa kwa joto lililokadiriwa kwa macho ya fundi, na baadhi zilipasuka. Jeshi lilipoamua kuziondoa kadiri zilivyoingia karakana, lilifanya sawa. Sababu ilijulikana, na resiva husika zilitajwa kwa namba.

Hapo ndipo napima maamuzi mengine. Mwaka 2010 serikali ya Marekani ilizuia Korea Kusini kuuza takriban Garand 87,000 kwa wanunuzi wa Marekani, wakati Garand ni ya nusu-otomatiki na inamilikiwa kihalali huko. Bunduki ilitazamwa kwa asili yake ya kijeshi tu, bila kuulizwa inafanya nini. Kwa upande wa M1911, Kongresi iliruhusu hadi bastola 10,000 kwa mwaka zipelekwe kwenye Civilian Marksmanship Program, mpango unaouza silaha za zamani za jeshi kwa raia. Zinakaguliwa, zinapangwa kwa madaraja, na mnunuzi huchunguzwa rekodi zake. Hakuna sababu ya karabini za M1 zilizoko maghalani kutofuata njia hiyohiyo.

Sheria ya kudumu iseme mambo matatu: kinachoruhusiwa kwa raia kisisagwe, kisichoruhusiwa kivuliwe vipuri kabla resiva haijakatwa, na namba za kila resiva zinakiliwe na kupigwa picha zikabidhiwe makumbusho. Mahali pake ni Kichwa cha 36 cha sheria za Marekani, ambako mpango wa Garand na M1911 tayari umo. Mwaka wa fedha huanza Oktoba 1 na rasimu hupita kwenye kamati za matumizi miezi kadhaa kabla, hivyo barua kwa mbunge iende mapema, itaje kila aina kwa jina, na iulize waziwazi kama kifungu kimo kwenye rasimu ya mwaka huu.