Etheneti juu ya shaba: mteja ananunua nini hasa?

Mwaka 2004, kwa hesabu za kampuni ya utafiti ya Vertical Systems Group, faiba, yaani nyaya za kioo zinazopitisha data kwa mwanga, ilikuwa imefika kwenye asilimia 10.9 tu ya majengo ya biashara ya Marekani yenye wafanyakazi 20 au zaidi. Kufikia 2016 ilikuwa imekaribia nusu. Kwa miaka yote hiyo, kampuni za simu zilikuwa na faiba katikati ya miji na waya wa simu wa shaba mlangoni kwa mteja, huku mteja mwenyewe akitaka Etheneti, utaratibu wa kupitishia data kati ya mashine, kwa sababu swichi na kompyuta zake zote ofisini zinazungumza lugha hiyo. Etheneti ikapitishwa kwenye mitandao iliyojengwa kwa ajili ya sauti. Wapo wanaosifu uamuzi huo kuwa uhandisi wa busara, na wapo wanaouona kuwa njia ya kukwepa kuchimba mitaro. Nadhani pande zote mbili zinakosea zinapohukumu kwa pamoja vitu viwili tofauti: mtandao wa katikati, na waya wa mwisho unaoingia kwa mteja.

Mtandao wa katikati ulikuwa SONET, mfumo wa Marekani wa kusafirisha simu na data juu ya faiba, ndugu wa SDH inayotumika Ulaya na Afrika. Lawama dhidi yake ilikuwa ubadhirifu, na mwanzoni ilikuwa ya haki. SONET hugawa uwezo wake kwa vipimo maalumu, na kipimo cha msingi ni megabiti 51.84 kwa sekunde. Etheneti nayo hupanda mara kumi kumi: 10, 100, 1,000. Mteja wa megabiti 10 akikabidhiwa kipimo kizima, karibu nne kwa tano ya alichopewa inakaa bure. Mteja wa gigabiti 1 alilazimika kushika njia ya gigabiti 2.5. Lakini ukaja utaratibu wa kuunganisha vipimo vidogo vidogo mpaka vikafanana na mahitaji. Vipande 7 vya megabiti 1.6 vinatosha megabiti 10, na vipimo 21 vya msingi vinabeba gigabiti nzima bila kumwaga kitu. Anayeendelea kupinga SONET kwa hoja ya ubadhirifu anapinga mtandao wa miaka ya tisini.

Kuna jambo ambalo wapinzani hao hawalitaji mara nyingi. SONET hujengwa kama pete, faiba ikizunguka na kurudi ilikoanzia; pete hiyo ikikatwa upande mmoja, mawasiliano yanahamia upande wa pili ndani ya milisekunde 50, na aliye kwenye simu hahisi kitu. Swichi za Etheneti za wakati huo, zikitegemea utaratibu wao wa asili wa kuzuia data isizunguke bila mwisho, zilihitaji sekunde 30 hadi 50 kutafuta njia mpya. Kwa benki, hizo ni miamala inayokatikia njiani. Etheneti yenyewe ilipata kinga ya pete inayolingana na hiyo kupitia kiwango cha G.8032 cha mwaka 2008, kwa hiyo fadhila hii ya SONET si ya pekee tena. Ila aliyeichagua mwaka 2004 alichagua vizuri.

Shaba ni habari nyingine. Mwaka huohuo wa 2004 kilitoka kiwango cha kiufundi cha 802.3ah, kilichowezesha kuunganisha jozi kadhaa za waya wa simu (kila jozi ni nyaya mbili) ziwe njia moja ya Etheneti. Kila fremu, yaani furushi moja la data, inakatwa vipande, vinagawanywa kwenye jozi, kisha vinaunganishwa upya upande wa pili. Jozi moja ikifa, huduma inabaki hai kwa kasi pungufu. Hilo ni jema, maana laini moja ya T1, huduma ya zamani ya data ya megabiti 1.544, ikikatika mteja hubaki gizani. Tatizo ni umbali: waya ukirefuka, kasi hushuka. Kiwango chenyewe kinalenga megabiti 2 tu kwa jozi katika mita 2,700. Ofisi mbili zinaweza kulipia huduma yenye jina moja, moja iko jirani na kituo cha simu na nyingine mwisho wa mji, na zisipate kitu kinachofanana.

Halafu kuna maji. Oktoba 2012 kimbunga Sandy kilipeleka maji ya bahari hadi kwenye vyumba vya chini vya vituo vya kampuni ya simu ya Verizon huko Manhattan, New York. Nyaya nyingi za shaba mle zilikuwa za zamani, zimefungwa kwa karatasi na kulindwa kwa hewa kavu inayosukumwa ndani yake ili unyevu usipenye. Maji ya chumvi yalipoingia, karatasi ikalowa na shaba ikaanza kuliwa. La kuvunda halina ubani: Verizon iliamua kutozirudisha, ikaweka faiba. Hakuna ustadi wa kuunganisha jozi unaoweza kuokoa waya ulioliwa na chumvi.

Hata hivyo siungi mkono wanaosema shaba isingeuzwa kabisa. Karakana ya watu 30 isiyoweza kugharimia mtaro, au yenye mwenye jengo anayekataa kutobolewa ukuta, ilipata megabiti 10 kwa wiki chache badala ya kungoja miaka. Hao walihudumiwa. Ninachokipinga ni kampuni ya simu kumfunga mteja mkataba mrefu wa shaba kwa jina la Etheneti, huku ikijua haina nia ya kuutunza waya huo. AT&T, kwa mfano, imetangaza kwamba itaachana na karibu shaba yake yote ifikapo mwisho wa 2029, isipokuwa California. Anayesaini leo mkataba wa miaka mitano juu ya jozi za shaba anasaini kuvuka tarehe hiyo. Anastahili kuandikiwa mkatabani ni jozi ngapi zinamhudumia, ziko umbali gani na kituo, bei itashuka kiasi gani jozi mbili zikifa, na nani atalipia mtaro siku shaba itakapozimwa.