Holden Caulfield na huruma asiyoiomba

Wasomaji wa The Catcher in the Rye, riwaya ya J. D. Salinger iliyotoka Marekani mwaka 1951, hadi leo hawakubaliani kama Holden Caulfield, kijana anayesimulia yaliyomkuta akiwa na umri wa miaka 16, ni mtu wa kuonewa huruma au ni mtoto wa kitajiri aliyedekezwa mno. Amefukuzwa shule ya bweni ya Pencey baada ya kufeli masomo manne kati ya matano, na badala ya kwenda moja kwa moja kwa wazazi wake anazurura New York siku chache kabla ya Krismasi, akinywa pombe na kumwona karibu kila anayekutana naye kuwa mnafiki.

Wanaomkataa wana hoja nzito. Msomaji ambaye kwao mbuzi huuzwa ili ipatikane karo ana haki ya kuuliza kijana huyu analilia nini, maana Pencey si shule ya kwanza kumshinda. Kongowea Mswahili, msimulizi wa Siku Njema ya Ken Walibora (1996), amefiwa na mama, naye anafunga safari kutoka Tanga hadi Kitale kumtafuta baba yake. Dhiki zake zinatufanya tumpende bila kujilazimisha. Holden anamtolea Sally Hayes, msichana aliyetoka naye matembezini, maneno machafu mpaka binti wa watu analia, kisha anacheka. Manung'uniko yake nayo huchosha, na nilipomsoma mara ya kwanza nikiwa kidato cha tano niliona amekosa tu mtu wa kumtia adabu.

Hata hivyo, upo ushahidi wa upande wa pili ambao ni rahisi kuupita, kwa sababu Holden mwenyewe anaupitia harakaharaka. Stradlater, mwenzake wa chumba kimoja, anamwomba amwandikie insha ya kueleza chumba au nyumba fulani. Holden anaandika kuhusu glovu ya besiboli ya mdogo wake Allie, ambayo Allie aliijaza mashairi kwa wino wa kijani ili awe na cha kusoma uwanjani. Stradlater analalamika kwamba hakufuata maagizo, na Holden anaichana insha. Allie alifariki kwa saratani ya damu tarehe 18 Julai 1946. Usiku ule Holden, aliyekuwa na miaka 13, alilala gerejini akavunja madirisha yote kwa ngumi. Alitaka kuvunja na vioo vya gari, ila mkono ulikuwa umeshavunjika. Haya yote anayasimulia kwa sauti ileile anayotumia kuponda sinema, na anaongeza tu kwamba mkono huo bado humuuma mvua ikinyesha. Baadaye sana tunaambiwa, kwa kupitiwa, kwamba mazishi hakuyahudhuria kwa kuwa alikuwa bado hospitalini.

Wanaomtetea kwa kusema kwamba anauchukia unafiki wa watu wazima wanamtetea vibaya, nadhani, kwa kuwa yeye mwenyewe ni mwongo hodari na amelikiri hilo. Utetezi wenye nguvu zaidi uko katika pengo kati ya mengi anayoyasema na machache yanayomponyoka. Msomaji akilisikia pengo hilo, ukali wa Holden unaanza kusomeka kama majonzi ya mtu aliyekosa hata kuhudhuria mazishi ya ndugu yake. Machozi ya Sally hayapungui kwa hilo, na sioni sababu ya kumlaumu msomaji anayebaki upande wa Sally.

Ninachowasikitikia wanaokifunga kitabu katikati ni kuukosa ukurasa wa mwisho, ambapo Holden anakiri kwamba anawakumbuka kwa hamu watu wote aliotusimulia habari zao, Stradlater akiwemo, na pengine hata Maurice, yule mwendesha lifti aliyempiga hotelini.