Dash 7 kwenye kompyuta ya nyumbani: tuitake nyepesi au tuitake ya kweli?

Jumapili moja baada ya alasiri, nyumbani kwangu Chumbageni, nilikaa nyuma ya mtoto wa dada yangu akijaribu kuitua ndege aina ya Dash 7 kwenye uwanja wa ndege wa Tanga, ndani ya simyuleta, yaani programu ya kuigiza urushaji wa ndege, iliyomo kwenye kompyuta mpakato tuliyoinunua ikiwa imeshatumika. Alitokea baharini upande wa Pemba, akateremsha magurudumu, akafungua flapi zote, yaani vibao vya nyuma ya bawa vinavyoteremshwa wakati wa kutua, na alipokaribia ardhi akaondoa nguvu ya injini zote nne kwa mkupuo, kama alivyozoea kwenye ndege za jeti. Ndege ikaendelea kuelea. Ikaupita mwanzo wa njia ya kutulia, ikapita katikati, ikagusa chini pakiwa pamebaki kipande kidogo tu, ikaishia majanini. Akanigeukia na kuniuliza, "Mjomba, mbona haitaki kukaa?"

Dash 7 halisi isingefanya hivyo. Ni ndege ya abiria wapatao 50 iliyoundwa na de Havilland Canada, ikaruka mara ya kwanza Machi 1975 na kuanza kubeba abiria mwaka 1978. Ina injini nne za aina ya PT6A, na kila moja inazungusha pangaboi kubwa linalokwenda polepole ili kupunguza kelele. Siri yake imo kwenye bawa: flapi zimechukua sehemu kubwa ya ukingo wa nyuma, na upepo wa mapangaboi manne hupita juu ya bawa na flapi hizo, hivyo bawa huendelea kuibeba ndege hata mwendo unapokuwa mdogo sana. Ndiyo maana shirika la ndege la Widerøe liliirusha kwenye viwanja vya mita 800 hivi vya kaskazini mwa Norwei, watafiti wa Uingereza wa British Antarctic Survey wakaitumia kwenye njia ya changarawe ya mita 900 kule Rothera, Antaktika, na jirani zetu wa Airkenya wakaitoa uwanja wa Wilson, Nairobi, kwenda viwanja vya mbugani Maasai Mara. Juni 1982 ndege ya aina hiyo ya Brymon, shirika la Uingereza, ilitua Heron Quays, kwenye gati za zamani za London, kuthibitisha kwamba ndege ya abiria inaweza kutua katikati ya mji. Uwanja wa London City ulifunguliwa mwaka 1987, na mteremko wake wa kutua wakati huo ulikuwa wa nyuzi 7.5, ilhali kawaida ya viwanja vingi ni 3.

Kwa hiyo rubani wa Dash 7 anayeondoa nguvu akiwa bado juu anaondoa pia upepo unaolibeba bawa, na ndege humshukia kwa kishindo. Ile ya mpwa wangu ilifanya kinyume chake. Umbo lake ni zuri, rangi zake ni sahihi, saa za chumba cha rubani zimechorwa kwa upendo mkubwa, lakini bawa lake halijui kwamba mbele yake kuna pangaboi.

Rafiki yangu mmoja, fundi wa kompyuta wa Ngamiani ambaye amewaingiza vijana wengi kwenye simyuleta, haoni tatizo hapo, na hoja zake si za kupuuzwa. Ndege hiyo imetengenezwa na wapenzi kwa muda wao wenyewe na kutolewa bure. Inapakuliwa kwa bando la kawaida, na inafunguka kwenye mashine ambayo simyuleta mpya za tangu mwaka 2020 haziwezi hata kuwaka. Kijana anajifunza kusoma dira, kufuata orodha ya ukaguzi, kupanga mafuta na kuheshimu mwendo wa ndege. Tena saa zinazotumika nyumbani hazihesabiwi kwenye leseni ya mtu yeyote, na marubani wa kweli wanafundishwa kwenye mashine zilizoidhinishwa na mamlaka za anga. Sasa, anauliza, tunadai usahihi huo kwa faida ya nani, na nani atamudu kuulipia?

Upande wa pili wamo wanaosema kwamba ndege ya njia fupi isiyoweza kutua kwenye njia fupi si ndege hiyo tena, bali ni picha yake. Hawa hutoa mfano wa Q400, ndege nyingine ya pangaboi, iliyotengenezwa kwa ajili ya simyuleta na Majestic Software, ambayo mahesabu ya urukaji wake yaliondolewa kabisa kwenye simyuleta yenyewe na kuendeshwa na programu ya pembeni, kwa kuwa simyuleta ya wakati ule haikuziweza vizuri injini za tabopropu, yaani za tabo zinazozungusha pangaboi. Wengine huitaja X-Plane, simyuleta nyingine, inayoligawa bawa na pangaboi vipande vidogo na kuikokotoa kani ya kila kipande, pamoja na upepo wa pangaboi unaolipiga bawa. Hoja yao nzito zaidi ni ya mazoea: mkono uliozoea kuondoa nguvu mapema, au kushuka kabla ya wakati, ni mgumu kuusahihisha baadaye. Ajali mbaya kuliko zote za Dash 7, iliyoua watu wote 36 katika mlima Torghatten huko Norwei tarehe 6 Mei 1988, ilitokea baada ya ndege kushuka mapema mno ikielekea uwanja mfupi wa Brønnøysund. Viwanja vifupi vinadai nidhamu kabla ya kufika chini, na nidhamu hiyo haifundishiki kwa ndege inayosamehe kila kitu.

Mimi naegemea upande huu wa pili. Hata hivyo, naona mjadala wenyewe umewekwa vibaya, kana kwamba ndege ya kweli lazima iwe nzito. Kinachoichosha kompyuta mpakato ni picha: viti vya abiria vilivyochorwa hadi mshono, mikwaruzo ya rangi mlangoni, vivuli vya jua kwenye kila kioo. Mahesabu ya kani ya bawa, ukiyalinganisha na picha hizo, ni mzigo mdogo. Mtengenezaji mwenye muda mchache angeweza kuviacha viti vyote vya abiria na kuutumia muda huo kwenye nusu maili ya mwisho kabla ya kugusa njia, na mtoto mwenye mashine ya zamani angepata ndege nyepesi na ya kweli kwa pamoja. Ugumu halisi ni kupata takwimu za majaribio ya urukaji, kwa sababu Dash 7 zilizoundwa ni zaidi kidogo ya 110 tu na zinazoruka leo ni chache. Basi hapo ndipo juhudi ziende.

Jambo hili linanigusa kwa sababu ya hapa tulipo. Njia ya uwanja wa Tanga kwa muda mrefu haikufika kilomita moja na nusu, na ndege tunazoziona zikienda Pemba na Unguja ni za pangaboi. Nakumbuka Septemba 2016, zilipowasili Q400 mbili za Air Tanzania, jinsi mitaani zilivyobezwa kuwa ni "pangaboi". Kijana aliyewahi kulihisi mwenyewe bawa likibebwa na upepo wa pangaboi asingelitumia neno hilo kama tusi.

Rafiki yangu wa Ngamiani ananishinda kwenye jambo moja, nalo nalikubali wazi: ndege ya bure inafunguka. Katika simyuleta yetu ya zamani, faili linalobeba tabia za ndege ni maandishi ya kawaida, na mtu yeyote anaweza kulisoma na kulibadili. Juzi usiku mimi na mpwa wangu tulitunza nakala ya faili la mwanzo, tukaongeza kiasi ambacho flapi zinaizuia ndege, tukarudi tena kutokea baharini. Jaribio la kwanza alianguka kabla ya njia. La tatu aliacha nguvu kidogo hadi magurudumu yalipogusa, akageuza mapangaboi yaivute ndege nyuma, ikasimama kabla ya katikati. Upepo wa pangaboi juu ya bawa bado haumo, na kwa kubadili namba za flapi peke yake sidhani utaingia. Lakini ameshaanza kuniuliza upepo huo unapimwaje.